Ukataji Safi wa Mabati ya Ukutani

Bati la rangi la ukutani hukatwa likiwa limelala kifudifudi, na anayelisahau jambo hilo hujipatia tundu la dirisha mahali pasipo na dirisha. Kanuni hii ni ya zamani. Ilithibitishwa upya Alhamisi iliyopita, saa tisa alasiri, katika boma moja la Kuresoi, Kenya, kati ya Keringet na Olenguruone, mbele ya fundi, kibarua wake, watoto wanne na kogo mmoja, yaani bibi mzee, aliyekuwa akipita na mzigo wa kuni. Mkataji hatatajwa jina. Itoshe kusema kwamba hakuwa fundi, kwamba nyumba ni yake, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemwambia fundi akae kidogo anywe chai.

Chanzo cha kosa ni upande. Bati la rangi lina uso na mgongo. Uso una rangi iliyobishaniwa nyumbani wiki nzima, katika mfano huu kijani. Mgongo una kijivu cha kupakwa tu ili usibaki mtupu. Uso ukiburuzwa juu ya mawe hukwaruzika, ndiyo maana bati hulazwa kifudifudi juu ya magunia na vipimo vikachorwa mgongoni. Lakini vipimo hivyo vimechukuliwa ukutani, na mtu aliyesimama nje akiitazama nyumba. Katika zile hatua kumi za kutoka ukutani hadi kwenye gunia, kushoto kumegeuka kulia. Fundi cherehani huishi na ukweli huu kila siku anapokata kitambaa kwa upande wa ndani, wala hajawahi kuutangaza. Pengine angeutangaza.

Dirisha lililohusika lilikuwa limeangukia kwenye maungio ya mabati mawili. Bati la kwanza, lenye urefu wa mita 2.5, lilipaswa kumegwa ukingoni, upande wa kushoto, pengo la sentimita 30 kwa 90, kuanzia sentimita 110 kutoka chini. Mkataji alipima mara tatu, na mara zote tatu alipata jibu lile lile. Akachora mstari ulionyooka kama reli, akakata, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaona ukingo wa bati usio na meno. Alisimama akautazama kwa muda. Kisha bati likainuliwa likapelekwa ukutani, na pengo likajitokeza upande wa kulia, safi kabisa, likitazamana na mbao tatu kwa mbili na ukuta wa ndani wa chumba cha kulala. Upande wa kushoto fremu ya dirisha ilikuwa imefunikwa kijani kibichi kuanzia juu hadi chini.

Hesabu inaonyesha kwamba katika hali kama hiyo kuna njia tatu za kujiokoa, na zote zilijaribiwa. Njia ya kwanza ni kuligeuza bati juu chini. Pengo huhamia kushoto kama lilivyotakiwa, ila lililokuwa sentimita 110 kutoka chini sasa huanza sentimita 50, kwa sababu sehemu ya juu imekuwa ya chini. Dirisha la namna hiyo humfaa mtu aliyeketi kwenye kigoda. Kogo aliweka kuni chini, akalitazama, akauliza kwa upole, bila dhihaka yoyote, kama ni la kuku au ni la mbwa. Njia ya pili ni kukirudisha kile kipande kilichokatwa na kukishona kwa misumari kama kiraka cha suruali, halafu kumega upya upande wa pili. Fundi, ambaye kikombe chake sasa kilikuwa kimekauka, alisema hilo linawezekana kabisa, na kwamba mvua ya kwanza itapita hapo hapo. Njia ya tatu ni kuligeuza bati uso ukae ndani na mgongo ukae nje. Kushoto hurudi kuwa kushoto, urefu haubadiliki, mawimbi hulala juu ya jirani yao bila mzozo. Ni suluhisho timilifu. Hasara yake ni moja tu: ukuta wa kijani hupata bati moja la kijivu, katikati, kando ya mlango wa mbele, kama jino la bandia kwenye picha ya harusi.

Njia ya tatu ndiyo iliyochaguliwa. Jumamosi kulikuwa na wageni wa koito, yaani sherehe ya mahari. Wazee wa upande wa pili waliketishwa uani, wakiutazama ukuta huo kwa saa tatu. Mmoja wao aliisifu nyumba, akanyamaza, akaitazama tena, kisha akauliza kama kazi bado inaendelea. Aliambiwa ndiyo, Mzee, inaendelea.

Baada ya upande huja mstari. Penseli ambayo fundi wa mbao huiweka sikioni haifai kwa bati lisilo na rangi, hasa lile lililopakwa mchanganyiko wa alumini na zinki. Ule weusi wake ni grafiti, aina ya kaboni, na grafiti ikikutana na metali hiyo penye unyevu huanzisha kitu kama betri ndogo: metali huliwa polepole chini ya mstari. Miaka inapita, mchoro wa penseli unarudi wenyewe ukiwa kutu. Kalamu ya wino mzito ndiyo salama.

Kisha kuna wimbi. Aliyelibuni ni Henry Robinson Palmer, mhandisi wa bandari za London, aliyepata hataza mwaka 1829. Miaka minane baadaye Stanislas Sorel wa Ufaransa akapata hataza ya kuchovya chuma katika zinki iliyoyeyushwa. Wimbi ndilo linalolipa nguvu bati lembamba kuliko ganda la yai. Karatasi ya daftari ikishikwa ukingoni huinama kwa aibu. Ikikunjwa mikunjo kama feni hubeba kikombe. Lakini nguvu hiyo hiyo ndiyo adui wa mkasi. Kukata sambamba na wimbi ni kazi ya mtoto, kwani mkasi hushika bonde moja na kulifuata. Kukata kukingama wimbi ni kupanda na kushuka vilima vya Tinet kwa miguu: tepu iliyonyooshwa husoma mita moja, ilhali mkasi uliofuata bati lenyewe umetembea mita moja na sentimita kumi na kadhaa. Tena kila ukifika kileleni unataka kukunja kona.

Mkasi wa bati wenyewe ni chombo cha kustaajabisha, na inasikitisha kwamba watu wengi hukutana nao wakiwa wamekasirika. Panga hukata kwa kupasua, likijipenyeza kama kabari. Mkasi haupasui. Makali yake mawili hupishana, moja likisukuma chini na jingine juu, hadi metali iliyo katikati ishindwe kuamua iende na nani. Ndiyo maana mkasi uliolegea kwenye riveti hautafuni, hukunja: makali yameachana na bati limepata mahali pa kupita. Mikasi mizuri huja mitatu, na rangi za mishikio si mapambo. Mwekundu hupinda kushoto, wa kijani hupinda kulia, wa njano huenda moja kwa moja. Anayenunua wa kijani kwa sababu unalingana na bati lake atakata mviringo mzuri sana wa kwenda kulia, hata kama dirisha ni la mraba.

Siri kubwa ya mkasi iko mwisho wa mkato. Mdomo hufunguliwa wote, bati husukumwa hadi kooni, makali hufungwa karibu yote, kisha husimamishwa kabla ncha hazijakutana na mkasi husogezwa mbele. Ncha zikikutana, hubana metali na kuacha kidole kidogo kilichopinda kama ndoana. Ukingo uliokatwa na mtu asiyejua hili huwa na ndoana kila baada ya sentimita tano. Mkono wa shati la mkataji bado una alama nne, zenye nafasi sawa.

Wakataji wa mbali nao wana kanuni zao. Marekani, nyumba nyingi za mbao huvikwa vipande virefu vya plastiki ya PVC, vinavyopandana kama magamba ya samaki. Vilianza kuuzwa huko miaka ya 1950. Wakenya wa Minnesota wanaishi ndani ya nyumba hizo, na baadhi yao hutuma video. Shemeji mmoja alituma ya dakika kumi na moja, ikieleza kwamba plastiki hukatwa kwa msumeno wa duara uliovishwa diski yake kinyume, meno madogo yakitazama nyuma, ili isipasuke. Kwamba kwenye baridi kali huvunjika kama biskuti. Na kwamba msumari haukazwi hadi mwisho, kwa kuwa kipande cha mita tatu na nusu huweza kurefuka kwa zaidi ya sentimita moja kutoka majira ya baridi hadi ya joto. Yote ni kweli kwa plastiki. Chuma chenye urefu wa mita tatu, kikipata joto la nyuzi thelathini zaidi, hurefuka kwa milimita moja tu. Milimita hiyo Kuresoi huisikia kila siku, maana alfajiri ni baridi kali na saa nne jua linachoma. Ndipo mabati yanapoanza kulia ta, ta, ta, na mgeni kutoka Mombasa anauliza nani yuko juu ya nyumba. Ushauri wa kuvisha msumeno meno kinyume, ukihamishiwa kwenye bati, ni njia ya kwenda zahanati. Ulikaribia kuhamishiwa. Fundi aliuchomoa waya wa stima bila kusema neno.

Grainda hupendwa kwa sababu ni ya haraka na ina kelele za kuonyesha kazi inafanyika. Inakata, lakini kwa moto. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419 hivi, na cheche za jiwe la kukatia hupita kiwango hicho kwa mbali, hivyo kandokando ya mkato kinga yote huungua. Mkasi ukipita, zinki ya pembeni hubaki na hujitoa mhanga: huliwa yenyewe kwanza ili chuma kilichoachwa wazi ukingoni kisiliwe. Cheche zenyewe, ambazo ni vumbi la chuma cha moto, huruka na kuganda kwenye rangi ya mabati ya jirani. Siku hiyo hazionekani. Mvua moja baadaye ukuta una madoadoa ya kahawia kama uso wa mtu aliyechomwa na mafuta ya maandazi. Vumbi hilo hufagiliwa siku ile ile. Halikufagiliwa.

Unene wa bati huitwa geji, na namba zake huenda kinyume: geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Kwa macho mtu hawezi kuzitofautisha, na duka huuza kwa maandishi. Mkasi ndio usioweza kudanganywa. Bati lililoandikwa 30, ambalo lilitakiwa kuuchosha mkono, lilikatika kama bahasha ya harambee. Duka halitajwi hapa. Lilipoulizwa lilijibu kwamba kiwanda ndicho kilichoandika, na kwamba bidhaa ikishatiwa mkasi hairudi.

Hapa maelezo ya kiufundi yanapaswa kuendelea na yanashindwa kidogo. Mkulima wa viazi wa Kuresoi anauza gunia. Kanuni za mwaka 2019 zinasema gunia la viazi lisizidi kilo 50. Dalali anayefika shambani na lori anataka lumbesa, lile lililoongezewa kofia ya wavu hadi likawa na shingo na kichwa, na analilipia kama gunia moja. Mkulima huyo huyo anapeleka pesa hizo dukani kununua bati, na bati analopewa limepunguzwa. Akiuza, kipimo kinanenepa, akinunua, kinakonda. Hakuna kifaa cha kupimia geji kinachotundikwa kaunta karibu na mzani wa misumari, ingawa ni kitu cha kutoshea kiganjani. Mkulima huijua geji yake siku ya mvua ya mawe, akiwa amesimama katikati ya sebule na sufuria mbili.

Kupigilia hakuhitaji maneno mengi. Paani msumari hupita kwenye mgongo wa wimbi, ambako maji hayasimami. Ukutani hupita bondeni, ambako bati limeegemea mbao. Msumari hupigwa hadi mpira wake ubanwe bila kupondwa. Kidole gumba kitapona.

Rangi ya kuficha bati la kijivu ilinunuliwa. Ni kijani, lakini si kile.

Mabaki ya ukataji hayatupwi. Vipande virefu huwa kingo za kuzuia maji kwenye kona, vifupi hufunika kuni, vidogo kabisa huwekwa chini ya miguu ya kabati. Kipande cha sentimita 30 kwa 90 kilichomegwa Alhamisi, ambacho kingo zake zote tatu zilizokatwa hazina ndoana hata moja, sasa ni mlango wa banda la kuku. Kimepigiliwa rangi ikiwa ndani.