Mark X Inang'aa, Tairi Je?

Hivi jamani, nani alitudanganya kwamba ukishalitoa gari bandarini umemaliza? Hapa kijiweni kwetu Kimara, ukikaa tangu kahawa ya asubuhi mpaka ya jioni, utaziona Mark X na Crown Athlete zikipishana: zimeoshwa, rimu nyeusi, muziki unafika kabla ya gari. Namba E tupu. Hata mtu mzima unajikuta umegeuza shingo. Sasa ngoja dereva asimame akanunue maji, wewe uiname kidogo uangalie chini. Msonyo utakutoka wenyewe.

Wiki iliyopita ilisimama Mark X moja, nyeupe, umbo la pili. Fundi wetu hapa hana habari na rimu wala stika. Alichuchumaa kwenye gurudumu la nyuma akapangusa vumbi ubavuni mwa tairi kwa kidole gumba. Kila tairi lina namba nne pale, zimezungushiwa kiduara kirefu: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka lilipotengenezwa. Hili lilisoma 1413. Wiki ya 14 ya mwaka 2013. Kashata bado zilikuwa nene, hilo ni kweli, lakini katikati ya kashata mpira umepasukapasuka vinyufa vyembamba, na ukiubonyeza kwa kucha ni mgumu kama kwato.

Kijana akatoka dukani na chupa yake ya maji. "Vipi wakubwa, mmelikubali?"

"Gari kali, kaka," fundi akasema. "Hizi tairi umelikuta nazo au umeweka wewe?"

"Nimeweka mimi. Mtumba wa Japani, lakini cheki kashata zilivyojaa."

"Na Desemba?"

"Desemba lazima tukahesabiwe. Naenda Moshi, mimi, mama watoto na watoto wawili."

Fundi akasonya. Msonyo mrefu, ule wa kuanzia kwenye meno ya nyuma. Hakumtukana. Alimwonyesha zile namba, akamweleza mpira unavyokauka hata kama tairi lilikaa stoo bila kukanyaga barabara. Kijana akasikiliza kwa adabu zote, akashukuru, akaondoka nazo.

Mimi gari hili nalipenda, nataka nieleweke. Toyota waliitoa Mark X mwishoni mwa mwaka 2004 kuchukua nafasi ya Mark II, ile ambayo jina lake lilikuwepo tangu 1968, na wakaitengeneza mpaka Desemba 2019. Injini ya silinda sita za V, moto unakwenda magurudumu ya nyuma, gia boksi ya gia sita. Ile ya cc 2,500 ya umbo la pili ina nguvu za farasi 203. Ya cc 3,500 ina 318. Kaa ndani ufunge mlango: kelele za bodaboda zinabaki nje. Ikanyage ukitoka Kibaha, inakunja mgongo, inakwenda, na usukani umetulia mkononi. Waliolichora walijua kazi yao. Ndiyo maana roho inaniuma ninapoona tunavyolitendea.

Wengi wetu tumetoka kwenye IST. IST ya cc 1,300 ina farasi 87 na uzito wake ni kama tani moja, inavutwa na magurudumu ya mbele, inakusamehe mengi. Siku moja unauza IST, unaongeza hela, unakabidhiwa kitu cha karibu tani moja na nusu chenye nguvu zaidi ya mara mbili, kinachosukumwa kutoka nyuma. Mvua ikinyesha, lami ikichanganyika na oili ya malori, ukakanyaga mafuta kwenye kona kama ulivyozoea, mkia unataka kupita mbele. Gari lina kompyuta ya kuzuia kuteleza, ndiyo. Lakini kompyuta inafanya kazi kupitia tairi. Tairi likiwa gumu, haina pa kushikia. Nani anamwambia hili mnunuzi? Dalali? Dalali anamwonyesha skrini na kamera ya nyuma.

Na hela yote inaishia kwenye kulitoa. Chukua gari lililopita miaka 10, ambalo hadi kufika bandarini thamani yake ni shilingi milioni 10. Ushuru wa forodha asilimia 25: milioni 2.5. Kwa sababu injini imezidi cc 2,000, ushuru wa bidhaa asilimia 10: milioni 1.25. Kwa sababu ya uzee wake, asilimia 30 nyingine: milioni 3.75. Juu ya hayo yote VAT ya asilimia 18: milioni 3.15. Jumla milioni 10.65, bado tozo ndogondogo, bado wakala, bado usajili. Kodi imelizidi gari lenyewe. Na usidhani utapeleka risiti ya bei poa ukasalimika. TRA wana kikokotoo chao na thamani zao. Wenzetu Kenya wamekataza kabisa gari lililozidi miaka 8. Sisi tunaruhusu, ila tunalipishwa. Serikali yenyewe kwenye karatasi imeshakwambia: hiki kitu ni kizee, kilipie uzee wake. Wewe unalipa halafu unaliendesha kama lilitoka kiwandani jana.

Mtu akitoka hapo amekaukiwa. Ndiyo hapo anapokata bima ndogo kwenye gari la mamilioni, na ndiyo hapo anapoanza "niwekee ya elfu kumi".

Hii ya elfu kumi tuizungumze vizuri, maana hapa kijiweni tumegombana sana juu yake. Simcheki mtu asiyekuwa na hela ya kujaza tangi. Maisha ndiyo haya, EWURA wakitoa bei kila Jumatano ya kwanza ya mwezi hakuna anayelala vizuri. Lakini V6 kwenye foleni ya Ubungo inakunywa lita moja kwa kilomita saba au nane, kwa hiyo hiyo elfu kumi haifiki mbali, na taa ya mafuta inawaka asubuhi na jioni. Pampu ya mafuta ya gari hili imo ndani ya tangi, na inapoozwa na mafuta hayo hayo. Ukiliendesha kila siku tangi likiwa tupu, pampu inachemka, inavuta uchafu wa chini, inakufa. Halafu injini ya cc 2,500 inapuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa, haiwezi kuvumilia uchafu. Na kwa kuwa mafuta hayapiti kwenye valvu za kuingizia hewa, hazioshwi. Masizi yanajijenga pale mwaka baada ya mwaka mpaka gari linaanza kutetemeka likiwa sailensa. Mwenye gari anaambiwa "badilisha plagi". Anabadilisha. Linatetemeka. Anaambiwa koili. Anabadilisha. Kumbe valvu zinataka kusafishwa tu.

Tena mwaka 2017 ile ada ya kila mwaka ya leseni ya gari, tuliyozoea kuiita "road license", ilifutwa, ikahamishiwa kwenye mafuta kwa kuongeza shilingi 40 kwa lita. Maana yake mwenye Mark X anailipia barabara kuliko mwenye IST, kila anapofika sheli. Basi afike anajua.

Chini ndiko kwenye kilio hasa. Mbele kila upande kuna amu ya juu na amu ya chini. Nyuma kuna vyuma vingi vinavyoshikana kila kimoja na kazi yake. Huo mpangilio ndio unaofanya gari litulie kwenye kona. Lakini kila kiungo kina bushi yake au boli joint yake, na vyote vinakutana na matuta yetu, yale ya mtaani yaliyomwagwa zege na wananchi kwa hasira. Bushi zikifa, gari linagonga, linavuta upande, tairi linaliwa ndani peke yake. Dawa yake ni kwenda Ilala, Shaurimoyo, ukatafute spea nzima ukiwa na fundi anayeijua. Badala yake watu wanachongesha bushi. Wengine wanakata springi ili lilale chini lionekane la mbio, wengine wanaweka spesa ili lipande lisiguse matuta. Wote hao wameharibu kile walichokilipia. Waliolitengeneza walipima urefu ule, na shokapu, na upana wa tairi, vikae pamoja. Ukibadilisha kimoja kwa macho ya watu, vingine vinakwenda pabaya.

Mama wa chapati hapa alituuliza swali ambalo sisi wanaume wote tulikuwa tunaliruka. Alisema: "Mnasema injini, injini. Hilo gari linasimamaje?"

Hapo ndipo penyewe. Tunanunua kwenda, hatununui kusimama. Ukitoka kilomita 50 kwa saa kwenda 100, mwendo umekuwa mara mbili, lakini umbali unaohitaji kufunga breki mpaka usimame umekuwa mara nne. Ukiwa 120, kila sekunde moja unakula mita 33. Sekunde tatu za kuangalia nani amepiga simu ni mita 100. Sasa weka hapo pedi za bei rahisi, diski zilizochongwa mpaka zimekuwa nyembamba, tairi la mwaka 2013, mvua ya Desemba, na watoto wawili nyuma ambao hakuna aliyewafunga mkanda.

Barabara ya kaskazini tunaijua wote. Ukishaacha Chalinze ni njia mbili tu, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Lile daraja la zamani la Wami lililotubana gari moja moja limepata mwenzake mpya, alhamdulillahi. Lakini mbele bado kuna Segera, Korogwe, Mombo, Same, na katikati vijiji vyenye vibao vya 50 na watoto wanaovuka na madumu ya maji. Dereva wa Mark X amebanwa nyuma ya semi, nyuma yake kuna mwenzake anampigia taa, mguu unawasha. Nguvu anazo, anajua zipo. Anatoka. Mara nyingi anapita salama, na hilo ndilo linalomdanganya, maana kila mara anapopita anaamini ni ufundi wake.

Tochi? Tochi tunaziogopa, ndiyo, kwa sababu ya ile faini ya elfu thelathini. Madereva tunapeana taa kilomita nzima kabla, gari linashuka mpaka 48, tunampungia trafiki, na kona ya pili tumerudi 140. Hapa kuna mzee mmoja aliyeendesha mabasi ya mikoani enzi zake. Tukianza kusimuliana tulivyomkwepa trafiki, yeye hacheki. Alituambia, "Wanangu, mimi nimewahi kuwatoa watu kwenye gari. Msinihadithie." Hatujamhadithia tena.

Haya. Kuna dogo hapa ana bajaji mbili, anadunduliza, anataka Mark X kabla hajafika thelathini. Ameniuliza mbele za watu, nikamjibu mbele za watu, na naandika hapa hapa ili na wengine walioko njiani kununua wasome. Nunua, mdogo wangu, usisikilize wanaosema ni gari la wahuni. Chukua ya cc 2,500 ya umbo la pili, ile ya kuanzia mwishoni mwa 2009, kwa sababu ilitengenezwa kunywa petroli ya kawaida. Umbo la kwanza, lile la farasi 215, lilitengenezwa kwa petroli ya daraja la juu. Dai karatasi ya mnada ya Japani umpe mtu anayeisoma, ukiona R mahali pa daraja ujue lilishapata ajali likatengenezwa. Kilomita zilizoandikwa kwenye karatasi zilinganishe na zilizoko kwenye dashibodi, maana saa za kilomita zinarudishwa nyuma, kila mtu anajua. Ukikuta lenye rimu za inchi 16 usilikimbie. Tairi zake zina ubavu mnene, zinastahimili mashimo, na bei yake si ile ya inchi 18.

Halafu, kabla hujalipa hata senti ya kodi, tenga hela ya gari likishafika. Pedi na diski kama zimechoka. Oili na hidroliki ya gia boksi ile inayotakiwa, si yoyote iliyopo kwenye ndoo ya gereji. Tairi nne, mpya, za aina moja, na dukani uiname usome mwenyewe zile namba nne kabla hazijafungwa. Bima kubwa. Kama ukipiga hesabu hiyo hela haitoshi, basi subiri bajaji zikuingizie msimu mmoja zaidi, gari halikimbii.

Dogo akanyamaza, akahesabu kwa vidole, akasema, "Kaka, basi labda mwakani mwezi wa sita." Fundi akamwambia akifika nalo alilete kwake kwanza kabla halijaenda kuoshwa.