Gesi Hainywewi: Mwongozo wa Kiyoyozi kwa Mwenye Gari la Siku Nyingi

Ukisimama kando ya barabara pale Sola, wilayani Maswa, utaona magari ya aina mbili: yenye kiyoyozi, na yenye kitufe cha kiyoyozi. Haya ya pili ndiyo mengi. Mwenye gari anabonyeza kitufe, taa inawaka, feni inavuma, na usoni anapigwa na upepo wa jikoni. Anakizima, anateremsha vioo, anakula vumbi hadi Bariadi. Mwongozo huu ni wako wewe mwenye Corolla, IST, Probox au Noah iliyozeekea Japani kwanza, ikashuka bandarini Dar es Salaam, na sasa inamalizia ujana wake wa pili mkoani Simiyu.

Hatua ya kwanza: acha kulinywesha gari gesi

Mazungumzo ya gereji unayajua.

“Bosi, gesi imekwisha.”

“Si uliijaza juzi tu, fundi?”

“Imetumika, bosi. Jua hili!”

Hapo ndipo hela inapoanza kuondoka, maana gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha kama petroli. Kompresa huikandamiza na kuisukuma hadi kwenye kondensa, ule wavu ulio mbele ya rejeta. Hapo gesi hutoa joto lake na kugeuka kimiminika. Kisha hupita kwenye valvu nyembamba, shinikizo linaanguka ghafla, na ndani ya evaporeta, iliyofichwa nyuma ya dashibodi, kimiminika kile kinachemka na kunyonya joto la hewa unayopulizwa. Gesi iliyozoeleka kwenye magari yetu, R-134a, huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri ikiwa katika shinikizo la kawaida la hewa. Ni kazi ileile ya mtungi wa udongo: maji yanayokauka nje yake huondoka na joto. Tofauti ni kwamba maji ya mtungi hupotea, na gesi ya gari hurudi kwenye kompresa kuanza safari upya.

Kwa hiyo gesi iliyopungua imevuja. Kwenye gari la miaka mingi huweza kupenya kidogokidogo kwenye mipira na maungio kwa miaka kadhaa, na hilo halina lawama. Lakini gesi ya Jumatatu ikitoweka kabla ya mnada unaofuata, una tundu. Kujaza bila kuziba tundu ni kumlipa fundi mshahara.

Hatua ya pili: anza na vya bure

Kabla ya kwenda kwa fundi, fungua boneti injini ikiwa inaunguruma, mikono na nguo zikiwa mbali na mikanda. Mwambie mtu awashe kiyoyozi. Sikiliza “tak!” kwenye kompresa: ni klachi inashika. Usiposikia, kagua fyuzi na rilei, ambazo bei yake haifiki hata robo ya kompresa. Kompresa kukataa kuwaka kunaweza pia kuwa hekima ya gari lenyewe. Mengi yana swichi inayoizuia gesi ikipungua mno, kwa sababu gesi ndiyo inayobeba oili ya kulainisha kompresa. Anayeunganisha waya moja kwa moja ili “ilazimike kuwaka” anaua kompresa kwa kiu ya oili.

Kagua mkanda kama umelegea au umepasuka. Kagua feni iliyo mbele kama inazunguka kiyoyozi kinapowashwa. Kisha ingia ndani, fungua kisanduku cha mbele ya abiria. Magari mengi ya Toyota ya miaka ya 2000 na kuendelea huficha chujio la hewa nyuma yake. Ukilivuta likatoka na rangi ya barabara ya kijijini kwenu, baridi yako ilikuwa imezibiwa hapo. Chujio jipya ni ununuzi wa bei ndogo wenye matokeo makubwa kuliko yote katika mwongozo huu.

Hatua ya tatu: oshea kondensa pamba yake

Simiyu ni nchi ya pamba. Msimu wa ununuzi ukifunguliwa, kwa kawaida Mei, malori yanapanda na kushuka kati ya Maswa, Bariadi na Lamadi, na nyuzi nyeupe zinapeperuka barabarani. Inama mbele ya gari lako mwezi Agosti, utazame kondensa kwa karibu. Utakuta zulia: vumbi chini, nyuzi za pamba katikati, juu mabawa ya panzi na majani ya nyasi. Joto lililopaswa kutoka humo halina pa kupita. Shinikizo linapanda, kompresa inahangaika, baridi inakatika kila gari linaposimama.

Dawa ni maji ya kawaida, injini ikiwa imepoa. Tumia mpira au kopo la maji, umimine taratibu, na ukiweza upige maji kutoka ndani kwenda nje. Mashine ya kuoshea magari yenye nguvu iweke mbali, kwa sababu inalaza mapezi membamba ya bati na wavu unageuka ukuta. Mapezi yaliyolala yanyooshwe kwa uvumilivu, moja moja.

Hatua ya nne: winda tundu

Gesi inapovuja huacha alama, maana hutoka na oili. Pitisha jicho kwenye maungio ya mabomba, kuzunguka kompresa na chini ya kondensa. Palipo na unyevu wa mafuta uliogandiwa na vumbi, weka povu la sabuni: mapovu yakijipuliza yenyewe, umemkamata. Angalia pia sehemu mbili za kujazia gesi, zenye kofia za plastiki zilizoandikwa H na L. Kofia hizo hupotea gereji na hakuna anayezililia, ingawa zinazuia vumbi na kusaidia kuzuia uvujaji kwenye valvu ndogo iliyo chini yake. Tundu likigoma kuonekana, fundi mwenye vifaa hutia rangi maalumu na kuimulika kwa taa ya zambarau.

Maji yanayodondoka chini ya gari, upande wa abiria au dereva, si ugonjwa. Ni unyevu wa hewa uliogeuka maji kwenye evaporeta. Yakiacha kudondoka nje na kuanza kulowesha zulia ndani, bomba lake limeziba.

Hatua ya tano: muulize fundi maswali matatu

La kwanza: “Una pampu ya kunyonya hewa?” Mfumo uliofunguliwa lazima unyonywe hewa na unyevu wote, nusu saa au zaidi, na mshale wa geji usirudi nyuma. Unyevu ukibaki, huganda kwenye valvu na kutengeneza asidi inayotafuna mabomba.

La pili: “Utapima kwa mizani?” Kibandiko kilicho chini ya boneti husema aina ya gesi na gramu zake, ambazo kwa gari dogo mara nyingi ni kama nusu kilo. Gesi ikizidi, baridi hupungua.

La tatu: “Mtungi huu una nini?” Gari la kabla ya katikati ya miaka ya 1990 huenda lilitengenezwa kwa R-12, gesi iliyotoboa tabaka la ozoni hadi dunia ikasaini Itifaki ya Montreal mwaka 1987. Gesi zisichanganywe ovyo. Gari la mseto, lenye kompresa ya umeme, linataka oili yake maalumu. Na fundi akikuletea gesi ya kupikia, ondoka na gari lako. Gesi hiyo inashika moto, na evaporeta iko mbele ya magoti ya abiria.

Hatua ya sita: kitumie

Washa kiyoyozi dakika kumi kila wiki hata kukiwa na baridi, ili oili ifike kwenye mipira isikauke. Gari likitoka juani, fungua vioo kwanza, fukuza hewa ya moto, ndipo ufunge. Kwenye vumbi, bonyeza kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani. Mvua ikinyesha na kioo kikajaa ukungu, kiyoyozi hukikausha haraka kuliko kitambaa chochote. Nanyi madereva wa michomoko, yale magari madogo ya abiria, kiyoyozi kilichotengenezwa kwa ajili ya watu watano hakiwezi kuwapoza tisa. Punguzeni watu.

Kilo moja ya R-134a ikiachiwa hewani hupasha dunia joto kuliko kilo 1,300 za kaboni dioksidi. Ndiyo sababu mwaka 2016, pale Kigali, mataifa yalikubaliana kupunguza gesi za jamii yake. Mkulima wa pamba wa Maswa anayetazama mawingu anahusika na mtungi ulioachiliwa gerejini. Basi ukifika kwa fundi, kabla hajagusa mtungi, mwambie: “Nionyeshe kwanza panapovuja.” Akikuonyesha, mlipe vizuri. Asipoweza, tafuta mwingine.