Kompyuta ya Chogo na Vitaa Vinane

Kompyuta ya mezani iliyozeeka, ile yenye monita ya chogo na sanduku lililogeuka rangi ya chai ya maziwa, haina kazi tena kwenye intaneti, na bei anayoitaja fundi akiulizwa ni matusi. Kwa mtoto anayetaka kuona umeme ukifuata amri, mashine hiyo inaishinda laptopu mpya kwa mambo mawili. Nyuma ina matundu ambayo kompyuta za leo hazina, hasa lile pana la printa lenye vishimo 25. Halafu, ikifa, hakuna atakayeilia. Hili la pili ndilo kubwa, maana majaribio mengi ya watoto huuawa na hofu ya mzazi kabla hata waya haujakatwa.

Viko vitu viwili ambavyo havifunguliwi kabisa. Cha kwanza ni power saplai, kile kisanduku cha bati kinachopokea waya wa ukutani. Ndani yake mna kapasita ambazo kwa umeme wa volti 230 hujazwa volti zaidi ya 300, na huweza kubaki na shehena hiyo hata waya ukishachomolewa. Cha pili ni monita yenyewe, ambayo chogo chake hutumia volti zinazozidi 20,000 na huweza kumsubiri mdadisi muda mrefu baada ya kuzimwa. Mtoto akielezwa hayo mara moja huelewa. Wa kuelezwa mara tatu ni baba, hasa baba aliyenunua bisibisi mpya. Majaribio yanayofuata hayagusi vitu hivyo: yote hutumia volti 5, pungufu ya betri nne za redio.

Jaribio jepesi kuliko yote ni mkeka wa kumnasa mwizi wa sukari. Kipanya cha zamani hufunguliwa kikiwa kimechomolewa, na mtu mzima huchomelea nyaya mbili nyembamba kwenye miguu ya swichi ya kitufe cha kushoto. Kazi ya mtoto ni kuandaa mkeka: vipande viwili vya boksi vilivyofunikwa karatasi ya foili na kutazamana, na kati yake kipande cha sponji ya godoro kilichotobolewa mashimo makubwa. Kila foili hupata waya mmoja. Mtu akikanyaga, sponji hubonyea, foili hugusana mashimoni, na kompyuta hudhani kitufe kimebonyezwa. Ikiwekwa programu yoyote inayotoa sauti kwa kubonyezwa, mtego umekamilika. Kipanya cha aina hiyo huchomekwa kompyuta ikiwa imezimwa, si vinginevyo.

Ubora wa mtego huu umethibitishwa katika nyumba moja ya Dar es Salaam. Mkeka ulitandikwa mbele ya kabati la jikoni, sauti iliyochaguliwa ikawa ya jogoo, na spika zikafunguliwa hadi mwisho. Saa nane usiku mtu alikanyaga. Jogoo aliwika, majogoo wa jirani wakaitikia, na bibi akaamka akatia udhu, kisha akakaa kitako akishangaa alfajiri imechelewa na nini. Aliyenaswa alikuwa baba mwenye nyumba, mkononi ana bakuli la pilau lililobaki. Jina lake halitajwi hapa kwa sababu ndiye anayeandika. Itoshe kusema kwamba alitetea heshima yake kwa kulaumu matumizi ya umeme, na kwa hilo tu alikuwa na hoja: kompyuta kuukuu na chogo chake, vikiachwa usiku kucha, vinaweza kumaliza zaidi ya yuniti moja ya LUKU.

Utamu wenyewe uko kwenye tundu la printa. Njia zake nane za data, vishimo namba 2 hadi 9, huwashwa na kuzimwa kila moja kivyake, na vishimo 18 hadi 25 ni njia za kurudi. Kebo kuukuu ya printa hukatwa ncha ya upande wa printa, ili mtoto afanye kazi mezani badala ya kuinama nyuma ya mashine penye waya wa ukutani. Kila njia ya data hupewa rezista ya omu 330 na kitaa kimoja cha LED, mguu mrefu ukielekea kwenye rezista na mfupi kwenye waya wa kurudi. Rangi za nyaya ndani ya kebo hazifuati sheria yoyote, kwa hiyo kila mmoja hupimwa kwa mita kabla ya kufungwa. Nyaya zikigusana ovyo mtoto hapati madhara, ila tundu linaweza kuungua.

Rezista ya omu 330 hutambulika kwa michirizi mitatu ya mwanzo: chungwa, chungwa, kahawia. Baba yule yule alirudi kutoka dukani na nane zenye chungwa, chungwa, chungwa, yaani omu 33,000, mara mia ya zilizotakiwa. Vitaa vilifungwa, amri ikatolewa, pakawa kimya. Kwa nusu saa alilaumiwa mtengenezaji wa kompyuta, kisha muuza duka, kisha unyevu wa bahari. Binti wa miaka 7 alikuwa ameshika karatasi ya maelekezo.

“Baba, hapa wameandika kahawia. Hizi zote machungwa.”

Kwa kweli vitaa vilikuwa vinawaka, ila kwa mwanga hafifu wa kuonekana gizani tu, yaani umeme ukikatika, wakati ambao kompyuta nayo imezimika.

Programu inayofaa ni QBasic, iliyokuja na MS-DOS 5 mwaka 1991 na kubebwa pia kwenye CD ya Windows 98. Windows XP na zilizoifuata haziruhusu programu ya kawaida kugusa tundu moja kwa moja, kwa hiyo hapa uzee wa mashine ni sifa. Tundu la printa kwa kawaida huitwa kwa namba 888. Ukiandika OUT 888, 1 huwaka kitaa cha kwanza. 2 huwasha cha pili, 4 cha tatu, na kuendelea kwa kuzidisha mara mbili hadi 128. Namba nyingine hupatikana kwa kujumlisha, na 255 huwasha vyote. Mtoto anayeikimbia hesabu ya jozi ubaoni huikubali hapa bila kubembelezwa, hasa akianza kuandika umri wa watu. Bibi, miaka 71, ni 64 na 4 na 2 na 1: vitaa vinne. Alifurahi sana. Binti, miaka 7, ni 4 na 2 na 1: vitatu, naye akatembea siku nzima kama mtu mwenye cheo.

Matatizo yalikuja siku ya kuzaliwa. Vitaa vilipangwa kando ya keki badala ya mishumaa, wageni wakakusanyika, na baba akaandika OUT 888, 8. Kikawaka kitaa kimoja. Binti alivihesabu, akavihesabu tena, akaangua kilio kwamba amekua halafu amepunguzwa. Hesabu ilikuwa sahihi, na kompyuta haibembelezeki: vitaa vyake vitatu atavirudishiwa akitimiza miaka 11.