Kesi ya Kopo

Nimeitwa mwongo na mtu mzima mwenye mvi zake, sababu ni kopo. Lenyewe ni lile jeusi la plastiki lililokuwa likihifadhia filamu za kamera zamani, na ndani yake mna kikaratasi. Basi. Hamna dhahabu humo, wala hati ya nyumba, wala hata pipi.

Kwa asiyejua, hapa Uingereza ninakoishi, na karibu dunia nzima, kuna mchezo uitwao jiokashingi. Mtu huficha kopo, akatangaza mtandaoni vipimo vya mahali lilipo, na wenzake wakalitafuta kwa simu au kifaa cha GPS. Ukiliona unasaini karatasi, unalirudisha palepale, kisha unaandika mtandaoni kwamba umeliona. Makopo ya namna hiyo yamepita milioni 3 duniani. Wanaounadi mchezo huu husema utakutoa ndani, utakupa hewa safi na marafiki. Kutoka kweli unatoka. Unatembea nusu saa, halafu unarudi ndani kugombana mpaka usiku wa manane.

Kesi yangu ilianza hivi. Nilikwenda kutafuta kopo lililosemekana limefichwa kwenye uzio kando ya mfereji. Nikapapasa ubao mmoja baada ya mwingine huku moyo ukinidunda, maana mwaka 2011 mjini Wetherby, mkoa huuhuu wangu, kikasha cha mchezo huu kilichofichwa nje ya mkahawa kilidhaniwa bomu, wataalamu wakaja na kukilipua. Sasa jifikirie wewe, mtu wa Tanga, umevaa koti jeusi, unaingiza vidole kwenye uzio wa watu. Mama mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa akaniuliza kama nimepotelewa na kitu. Nikamwambia natafuta kopo. Akamvuta mbwa wake karibu.

Sikuliona. Nikarudi nyumbani, nikaandika kwa adabu zote: "Nimetafuta sana, sikubahatika." Mchezo unaruhusu kuandika hivyo, kuna hata alama yake, kiuso cha buluu kilichonuna. Mwenye kopo akawaka. Akajibu kwamba kopo lipo, halijawahi kutoka pale, na kwamba siku hizi watu wana macho lakini hawana subira. Baada ya siku mbili akatokea bwana mwingine, akaandika: "Limeonekana, kirahisi kabisa." Mwenye kopo akamshukuru kwa furaha, na nadhani hata mbwa wa yule mama alinicheka.

Nikarudi mferejini. Kweli kopo lilikuwepo: jipya, kavu, na karatasi yake ina jina moja tu, la yule bwana. Kumbe naye alilikosa, akatoa kopo mfukoni mwake, akalichomeka kwenye uzio, akalisaini na kulihesabu. Ni kama mvuvi aliyerudi mikono mitupu, akanunua changu sokoni, akamtupa majini na kumvua tena mbele ya watu. Nilipouliza hadharani kama huku nako ni kuona, ndipo nikaitwa mwongo, na mchochezi juu yake.

Na mwenye kopo akamtetea! Bila shaka atamtetea, kwani bwana yule amemwepusha na safari ya kwenda kulikagua mwenyewe kwenye tope. Zikazuka kambi mbili. Moja inasema sheria ni sheria. Nyingine inasema, "Jamani, ni mchezo tu." Niwaambie jambo nililolichunguza: wanaosema ni mchezo tu ndio wanaoandika marefu zaidi, na hawalali.

Zamani mchezo huu ulikuwa na amani. Mei 2000 serikali ya Marekani iliacha kuyavuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS wanayotumia raia, na vifaa vya watu vikaanza kuonyesha mahali kwa usahihi ghafla. Siku moja tu baadaye, tarehe 3 Mei, bwana mmoja aitwaye Dave Ulmer akaficha ndoo msituni karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akaweka ndani vitabu, vitu vidogovidogo na kopo la maharage. Chukua kitu, acha kitu, andika jina. Hazikupita siku nyingi bwana mwingine, Mike Teague, akaiona. Hawakugombana, na sababu iko wazi: ndoo ilikuwa moja na watafutaji wa kuhesabika. Leo maharage yamepigwa marufuku, maana vyakula huvuta wanyama. Ugomvi haukupigwa marufuku, ingawa nao huvuta wanyama wa kila aina.

Tazama mambo ya Nevada. Kando ya barabara nambari 375, ile waliyoibandika jina la Extraterrestrial Highway, watu walipanga makopo zaidi ya elfu moja, moja kila baada ya mita 161 hivi, kwa kuwa sheria hairuhusu kuyasogeza karibu zaidi ya hapo. Dereva anaendesha, mwenzake anaruka, anasaini, anaruka tena ndani, mchana kutwa jangwani. Kisha wajanja wakaona hata kusaini pale kunachelewesha. Wakachukua kopo la kwanza, wakalisaini garini wakielekea la pili, wakaliacha hapo na kubeba la pili kwenda la tatu. Makopo yote yakawa yamehamia kwa jirani. Je, wameyaona au wameyahamisha? Juu ya swali hilo watu wazima, wenye kazi na watoto shuleni, wameandikiana maneno ambayo hapa gazetini hayachapishiki.

Kuna na kesi ya shukrani. Mtu amenunua kopo, amepanda kilima kwenye mvua, amelificha kwa ufundi. Mgeni anakuja, anaandika herufi nne, TFTC, yaani asante kwa kopo kwa mkato wa Kiingereza, na anaondoka. Kwetu hata asante tupu ni ndefu kuliko hiyo! Hapo mimi niko upande wa wenye makopo, mpaka wanapoanza kufuta majina ya watu waliosaini kihalali eti hawakushukuru ipasavyo. Hapo nahama kambi.

Usiniulize habari za alama. Kila kopo hupewa ugumu wa kuliona na ugumu wa njia, kuanzia 1 hadi 5, kwa kupanda nusunusu. Ukizipanga unapata aina 81, na kuna watu hawalali mpaka wazikamilishe zote. Basi kopo lililokaa chini ya taa ya barabarani, ambalo hata mtoto angelikanyaga, utashangaa limepanda hadi ugumu wa 5. Ukichunguza, rafiki wa mwenye kopo alikuwa amebakiza aina moja tu.

Mke wangu alinisikia nikigonga simu kwa hasira, akaniuliza, "Baba Zuhura, kopo si unataka? Jikoni yamejaa."

Nikaona nimpigie simu mjomba wangu Tanga. Mzee yule amesuluhisha kesi za mipaka, za minazi, za mahari, za wake wenza. Nilidhani kopo litamshinda kwa udogo tu.

"Mpwa, ndani ya hilo kopo mna nini?"

"Karatasi, mjomba."

"Karatasi ya nini?"

"Ya majina ya walioliona kopo."

Akanyamaza kidogo. "Anayeliona anapata nini?"

"Anaandika jina."

"Na asiyeliona?"

"Haandiki."

Akavuta pumzi. "Mpwa, kesi hii siiwezi. Shamba nitaligawa. Mnazi nitaupimia thamani. Mahari nitaamuru irudi. Huku hakuna cha kugawa wala cha kulipa fidia, mtaisuluhishaje? Mtagombana mpaka mfe."

Aliponiaga nilibaki nimekaa. Mzee ameliona kopo bila GPS. Laiti kungekuwa na shilingi mia ndani, tungeshagawana hamsini hamsini na kusahau. Kwa kuwa hakuna chochote, kila mtu anapigania neno lake, na neno halikatwi vipande viwili.

Haya, wakubwa wa mchezo hapa kwetu wakaitisha mkutano kwenye baa ili watu wakutane ana kwa ana. Mkutano nao huhesabiwa kama kopo, kwa hiyo walifurika. Nikaenda nimejiandaa na picha, tarehe na hoja. Nikamkuta yule bwana wa kopo la mfukoni: mfupi, mpole, miwani inamtelemka. Akanisogezea sahani ya chipsi. Akaniuliza kama Tanga kuna fukwe nzuri. Mwenye kopo akanisifia koti. Habari ya mferejini hakuna aliyeigusa. Waingereza hao, uso kwa uso, watazungumzia mvua mpaka baa ifungwe. Nikasaini karatasi, nikanywa soda zangu, nikaaga mkono kwa mkono.

Asubuhi yake bwana yule ameandika kwamba baadhi ya watu waliondoka kabla ya muda uliotangazwa, na kwa hiyo mkutano huo wasiuhesabu. Hakutaja jina. Hakuwa na haja, kwani koti lililosifiwa lilikuwa moja tu. Sasa nasema wazi, na anayetaka anijibu kwa urefu apendao: nilikuwepo tangu mwanzo, muda ulipokwisha nilikuwa bado nimekaa, na shahidi wangu ni mhudumu aliyeniletea soda ya pili. Risiti ninayo, ina saa na dakika. Nimeshaipiga picha.