Ratiba ya Kinanda Mlangoni pa Friji

Mwenzangu mwenye mke, watoto na mama mkwe sebuleni, wewe utanielewa. Ratiba ya mazoezi ya kinanda nimeibandika kwenye mlango wa friji, na tayari mama watoto ameibandua, akapiga hesabu za kikoba nyuma yake, akairudisha kichwa chini.

Mwanafunzi ni kifungua mimba wetu, Profesa Sebene. Akiwasha tu kinanda, anakimbilia sebene, mkono wa kushoto ameupakata kana kwamba haumhusu. Aliyemzoesha hivyo ni shemeji yangu, Mjomba Transpozi. Anapigia kwaya, mtu mwema kabisa, lakini kii anayoijua ni C peke yake. Waimbaji wakianzia E flati, anabonyeza kitufe, sauti inapanda, yeye vidole vyake havijatoka kwenye vyeupe. Je, akikalishwa kwenye piano isiyo na kitufe? Ndiyo maana nimeandika kwa wino mwekundu: transpozi marufuku mpaka kii zote 12 zizoeleke, moja kila wiki.

Mazoezi ni nusu saa kila siku, si saa nne za Jumamosi. Dakika 10 ni za skeli, mkono mmoja mmoja, metronomu ikigonga 60 kwa dakika. Kumi nyingine ni za kodi, na hapa ndipo roho yangu ilipo. Mtoto ameshika C, E na G. Akienda kodi ya F, asiruke: gumba libaki kwenye C, vingine vipande F na A. Akienda ya G, kidole cha mwisho kibaki kwenye G, gumba lishuke B, cha kati D. Mkono hauhangaiki, huku wa kushoto unapiga besi. Kodi hizo tatu zinabeba nyimbo nyingi mno za kanisani na za dansi. Dakika zinazobaki ni za wimbo anaoupenda mwenyewe, sebene ruksa.

Shida ni saa ya kufanyia. Jioni sebule ni ya Bibi Tamthilia, mama mkwe, na hapo hakuna rufaa. Tukahamia chumbani na hedifoni. Mdogo wake Profesa akazigeuza simu ya kuongea na mbuzi wa jirani. Adapta nayo ilitoweka, ikaja kuonekana inawasha intaneti ya mama yao.

Sasa tunafanyia jikoni asubuhi, kinanda juu ya meza ya kupigia pasi, chai ikichemka. Bibi naye hukaa hapo na kikombe, akaanza nyimbo zake za kwaya popote koo lilipoamkia, na mjukuu lazima amfuate bila kitufe. Mwalimu gani angetupa zoezi zuri kuliko hilo? Juzi alianzia A flati. Profesa akaipata, akapata na D flati. E flati ndiyo inayomtoroka, kwa hiyo wiki hii tunaishughulikia hiyo.