Umoja wa Asilimia 99.18
Nchini Rwanda, Julai huanza na sikukuu mbili za taifa: tarehe 1, ya uhuru wa mwaka 1962, ambayo hupita jijini Kigali kimyakimya kama mgeni asiyealikwa, na tarehe 4, Kwibohora, yaani kujikomboa, inayokumbuka waasi wa RPF walivyolitwaa jiji hilo mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari. Mwaka 2024, siku 11 baada ya Kwibohora, Rais Paul Kagame, aliyekuwa kamanda wa waasi hao, alipata asilimia 99.18 ya kura za urais. Mtafiti wa mgawanyiko wa kisiasa anashauriwa, basi, abebe hadubini, maana wagombea wawili waliobaki waligawana, kwa undugu wa kupigiwa mfano, asilimia 0.82. Diane Rwigara, aliyetaka kuwa wa nne, alikataliwa na tume ya uchaguzi.