Kimya Ndilo Jibu: Mwongozo wa Mwigizaji Anayeomba Kazi

Kontena lako halijapakiwa, wakala hapokei simu, na tambi umeshakula mara tatu tangu asubuhi. Usikae Guangzhou mjini ukahesabu dari la hoteli. Panda treni ya mstari wa 4, shuka Nansha, kaa chini ya sanamu ya Tianhou, mama mlinzi wa mabaharia, mita 14.5 za mawe 365, moja kwa kila siku ya mwaka. Ukiwa hapo, macho kwenye maji, jifunze kazi isiyohitaji kontena wala wakala: kuomba nafasi kwenye kundi la maigizo enzi za Malkia Victoria.

Kwa nini Nansha? Kwa sababu Victoria mwenyewe alifika. Si kwa miguu yake. Tarehe 7 Januari 1841 manowari zake ziliipiga ngome ya Dajiao, iliyo kwenye ufuko huuhuu, na kuiteka. Alikuwa hajamaliza hata miaka minne kitini. Barua alizotuma siku hiyo zilikuwa za chuma, na zilijibiwa papo hapo, jambo ambalo mwigizaji wa London hakuwahi kulipata maishani mwake.

Tuanze na huyo wa London, maana mateso yake yana karatasi nyingi.

Nunua stempu. Tangu 1840 barua ilisafiri Uingereza nzima kwa peni moja, na hapo ndipo wenye majumba ya maigizo walipokosa usingizi. Nunua pia gazeti la The Era, lililoanza 1838, ambamo mameneja walitangaza nafasi na waigizaji wakajitangaza wenyewe. Soma matangazo taratibu. Meneja anataka picha. Anataka ujue kuimba kidogo. Anataka uwe na mavazi yako mwenyewe ya jukwaani, hasa ukiwa mwanamke, ili ucheze tajiri kwa gauni ulilolishonea njaa. Kisha anakutaka utaje mshahara wa chini kabisa utakaoukubali.

Hapa simama kidogo, ndugu yangu, maana pana mtego. Hakuulizi unataka shilingi ngapi. Anakuuliza unaweza kuishi kwa ngapi bila kufia jukwaani kabla ya sehemu ya tatu. Ukitaja kubwa, hujibiwi. Ukitaja ndogo, unapata kazi na unakosa chakula. Wengi walitaja ndogo. Ushauri wangu: taja ndogo, kisha uombe nauli. Nauli ndiyo itakayokurudisha nyumbani kundi likivunjika katika mji usioujua, nalo litavunjika.

Sasa andika. Usianze na mapenzi yako kwa sanaa, meneja anayo makabati mawili yamejaa mapenzi hayo. Mswahili aliyesoma shule zetu ana faida kubwa, kwa kuwa barua ya kiofisi amezaliwa nayo:

“Yah: Maombi ya nafasi ya shujaa, au ya mchumba, au hata ya mzuka. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwigizaji mwenye sauti ya kufika viti vya nyuma na tumbo la kuvumilia. Nguo ninazo. Mshahara, utakavyoona inafaa, lakini uone vizuri. Wako mtiifu katika ujenzi wa jukwaa.”

Nafasi ya mzuka usiidharau. Waigizaji wa Kiingereza walipotaka kujua kama mishahara imetoka, waliulizana kama mzuka umetembea. Wiki ambayo mzuka hakutembea, watu walilala na chai.

Ukishatuma, subiri. Na hapa ndipo London iliposhinda dunia nzima kwa adabu. Ili asijichoshe kuwajibu watu mia, meneja aliandika mwisho wa tangazo lake kwamba kimya kihesabiwe kuwa ni kukataa kwa heshima. Fikiri vizuri jambo hili. Kwetu mtu akikukatalia angalau hujitaabisha kudanganya: “njoo kesho”, “bosi amesafiri”, “tutakupigia”. Uongo huo ni kazi, una jasho ndani yake. Mwenzetu wa London alikataa watu bila kufungua mdomo, akalipia tangazo mara moja, na heshima akajihesabia yeye. Sijawahi kuona ubahili uliovaa suti nzuri kama ule.

Labda umelenga juu, unaandikia jumba la maigizo la Lyceum, kwa Henry Irving, yule aliyekuja kuwa mwigizaji wa kwanza kupewa cheo cha Sir, mwaka 1895. Usijidanganye kwamba Irving ataiona barua yako. Itafunguliwa na Mwairishi mmoja mwenye ndevu nyekundu, Bram Stoker, aliyeshika shughuli za jumba lile tangu 1878 na kujibu rundo la barua kila siku kwa niaba ya bosi wake. Mwaka 1897 Stoker alitoa kitabu chake, Dracula, na kitabu chenyewe ni barua, shajara na simu za maandishi mwanzo hadi mwisho. Wasomi wanatafuta asili ya yule mnyonya damu milimani Ulaya. Mtu aliyefungua maombi ya kazi kwa miaka kumi na tisa, mimi sioni kwa nini aende mbali hivyo.

Mwanamke asikate tamaa. London angeweza hata kuwa yeye ndiye anayekaa kimya: Marie Wilton alikodi jumba lililochakaa mwaka 1865, akalipa jina la Prince of Wales’s, akawa meneja. Ila akihamia huku Guangdong, arudishe stempu posta. Kwenye makundi ya huku enzi zile mwanamke jukwaani alikuwa mwanamume aliyejipaka poda, na aliyejipaka vizuri alilipwa vizuri.

Tumeshavuka bahari, basi tupande mashua. Makundi ya opera ya Kikanton yalizunguka mito ya delta hii kwa mashua nyekundu, mbili mbili, moja ikiitwa ya mbinguni na nyingine ya ardhini. Humo walilala, wakapika, wakagombana, wakashuka kijijini jioni kucheza kwenye jukwaa la mianzi na mikeka lililojengwa mbele ya hekalu, jukwaa ambalo hubomolewa mungu akisharidhika. Nafasi za kulala ziligawanywa kwa kura. Mwongozo huu hauna msaada wowote kwa mwenye bahati mbaya ya kura.

Kumwandikia mwenye mashua barua ya kurasa nne ni kupoteza wino. Mambo yalipangwa Guangzhou, mtaa wa Huangsha, ambako waigizaji walijenga jumba la chama chao, Bahe, lililokamilika mwaka 1889, na ambako palikuwa na ofisi ya kukodisha makundi iliyoitwa Jiqing. Majina ya makundi na ya waigizaji wake yalitundikwa kwenye mbao. Mzee wa kijiji aliyetumwa na kamati ya hekalu alifika na fedha ya mchango na tarehe kichwani, akasoma mbao kama mtu anayesoma bei ya samaki, akanyoosha kidole. Jina lako lipo, au halipo. Hakuna picha, hakuna gauni, hakuna “utakavyoona inafaa”.

Mtazame mzee huyo kwa karibu, kwa kuwa ndiye bosi wa bosi wako. Ametoka upande huu wa Nansha, viatu vina tope, na mkoba haumtoki kwapani. Kijiji kizima kimechanga. Siku yake haihamishiki: sikukuu ya kuzaliwa Tianhou ni tarehe 23 ya mwezi wa tatu wa Kichina, na kila hekalu lake kwenye delta linaitaka siku hiyohiyo. Ni kama kutafuta bendi Idi Mosi. Wakala wa kundi anajua, mzee anajua kwamba wakala anajua, na wote wawili wananywa chai kana kwamba hawana haraka. Mwigizaji mwerevu anamtumia mwenye kundi lake ujumbe wa maneno machache kuhusu nyongeza wiki hiyo, si wiki nyingine. Mkataba wa mwaka husainiwa kiangazi na huvunjika kiangazi kinachofuata, na advansi huliwa mapema, kwa hiyo ukichelewa kudai unadai ukiwa tayari na deni.

Ukiulizwa uzoefu wako, usitaje mwaka 1854. Mwaka huo mwigizaji Li Wenmao aliona ameshachoka kupigana kwa mapanga ya mbao. Aliasi dhidi ya serikali ya Qing, wenzake wa jukwaani wakamfuata wakiwa na mavazi yao ya maigizo, na akafika mbali hata akatawazwa mfalme, jina Pingjing. Alicheza nafasi hiyo kwa muda mfupi. Mwaka 1858 alikuwa amekufa. Serikali nayo haikutofautisha mwigizaji na mwasi. Jumba la chama lililokuwa Foshan, Qionghua, lilibomolewa mwaka 1855, opera ya Kikanton ikapigwa marufuku kwa miaka zaidi ya kumi, na waigizaji wakauawa. Waliotaka kula waliendelea kucheza wakijitambulisha kuwa ni kundi la mtindo wa Beijing. Kwa hiyo ukiulizwa katika miaka hiyo umetokea wapi, umetokea kaskazini. Sauti ikikusaliti, una mafua.

Limebaki suala la safari za nje, na hapa sitanii sana. Mwaka 1852 kundi la Tong Hook Tong, watu 123, lilivuka bahari kutoka Guangdong na kufungua maonyesho San Francisco. Mwaka uliofuata wakapelekwa New York kwa ahadi ya kucheza kwenye maonyesho makubwa ya Crystal Palace. Walipofika, kazi ile haikuwapo. Wakakwama katika mji ambao hakuna aliyewaelewa, wakiwa na masanduku ya hariri iliyotariziwa na bila nauli. Yeyote aliyewahi kupandishwa ndege na promota kwenda kupiga muziki Ughaibuni akakuta ukumbi umefungwa na simu ya promota imezimwa anaijua sura ya watu wale bila kuoneshwa picha. Barua ya promota isipokuwa na jina la ukumbi, tarehe, kiasi cha fedha na tiketi ya kurudi, hiyo si barua ya kazi. Ni salamu.

Opera yenyewe haikufa. UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2009, na chama cha Bahe bado kina jumba Guangzhou, barabara ya Enning, unaweza kupita ukirudi mjini. Lakini kwanza itazame simu yako. Wakala hajajibu mpaka sasa, na kutoka London umeshajifunza maana yake. Usimwandikie tena. Nenda ukagonge mlango, na karatasi za kontena uwe nazo mkononi.